ELIMU KWA PISHI, SI KWA SAA

Wanachama wenzangu,

Msimu unapoingia, hapana kati yetu amwulizaye mchumaji, "Umekaa saa ngapi juu ya mkarafuu?" Akishuka na pakacha lake, karafuu zikachambuliwa makonyo, zikapimwa, basi hulipwa kwa pishi alizochuma. Aliyepanda alfajiri akapata pishi tano hulipwa tano, na aliyepanda jua limekwisha toka akapata pishi sita hulipwa sita. Desturi hiyo ni ya haki, na kila mtu huiridhia.

Lakini katika elimu ya vijana wetu twapima namna nyingine. Twahesabu miaka aliyokaa mtu darasani. Aliyemaliza Kidato cha Nne na sare yake mwilini twasema amesoma. Aliyetoka njiani, ijapokuwa ana akili na hamu, twasema, "Huyo bahati yake imekwisha, na apande mikarafuu." Maneno hayo nimeyasema hata mimi, na leo nataka kuyarudi mbele yenu.

Maoni yangu ni haya. Masomo ya sekondari yaweza kusomwa nje ya darasa la kila siku: jioni, nyumbani, ghalani, kidogo kidogo, hata kwa miaka zaidi ya minne. Nayo yastahili kuhesabiwa sawa na ya darasani, maadamu mizani ya kupimia ni ile ile. Na sisi wenye mashamba yatupasa tuwe wa kwanza kuitengeneza njia hiyo, kwa sababu baadhi ya vijana waliotoka skuli hawakutolewa na ujinga wao, wala hawakufukuzwa na mwalimu. Walitolewa na msimu wetu.

KOSA LANGU MWENYEWE

Sitaki kumsema mtu mwingine, nitajisema mwenyewe. Mwaka 2011 bei ya karafuu ilipopandishwa, shamba langu lilikuwa limezaa, na mwanangu wa kiume alikuwa Kidato cha Tatu. Wachumaji walikuwa hawapatikani, kwani kila mtu alikuwa na shamba lake la kuchuma. Nikamwambia kijana, "Wacha skuli wiki mbili tu, tuokoe karafuu hizi zisije zikawa mpeta." Wiki mbili zikawa miezi miwili. Januari aliporudi darasani alijiona yu nyuma, wenziwe wamekwisha pita, akaona haya kuuliza. Kufika Machi hakwenda tena.

Hapana aliyemfukuza. Nilimtoa kwa mkono wangu. Karafuu zile nilizoziokoa nimekwisha zila zamani, wala siwezi kuwaonyesha leo kitu nilichokinunua kwa fedha zake. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao, na mimi nililichuma janga lile, nikamlisha mwanangu.

Kwa miaka saba alichuma, alivua, akaendesha bodaboda ya mtu. Usiku mmoja wa mwaka 2018 nilimkuta ukumbini amefungua vitabu vya mdogo wake wa kike, anaandika hesabu pembeni ya gazeti. Nikamwuliza anatafuta nini. Akanijibu, "Nataka kufanya mtihani, baba, ila sijui pa kuanzia." Na mimi nilikuwa sijui. Ikabidi tuulize huku na huku, na haya tuliyoyapata ndiyo nataka kila mwanachama ayajue, asije akapoteza miaka saba kama sisi.

MILANGO MIWILI

Mtihani wa Kidato cha Nne husimamiwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1973. Zama za wazee wetu karatasi za sekondari zilikuwa zikitoka Cambridge, Uingereza, na zikirudi huko huko kusahihishwa. Siku hizi kazi yote ni ya hapa nchini. Baraza hilo hupokea watahiniwa wa namna mbili. Kuna wale wa skuli, tunaowajua sote. Na kuna wale waitwao watahiniwa wa kujitegemea, ambao hawamo katika darasa la skuli yoyote, nao hujiandikisha wenyewe katika kituo kilichokubaliwa.

Wa kujitegemea wana milango miwili ya kuingilia.

Mlango wa kwanza ni wa yule aliyefaulu mtihani wa Kidato cha Pili kisha akatoka skuli, kama mwanangu. Huyu huchukua matokeo yake akayapeleka kituoni yahakikiwe, akajiandikisha kufanya mtihani wa Kidato cha Nne.

Mlango wa pili ni wa yule aliyemaliza masomo ya msingi asipate kuingia sekondari, au aliyeingia akatoka kabla ya kufaulu Kidato cha Pili. Huyu hufanya kwanza Mtihani wa Maarifa, ambao watu wengi huuita kwa herufi mbili, QT. Mtihani huo hupima masomo ya Kidato cha Kwanza na cha Pili. Akiufaulu, basi mlango wa Kidato cha Nne umefunguka kwake, hata kama katika maisha yake hakupata kukaa juu ya dawati la sekondari siku moja.

Tena yule aliyekwisha fanya Kidato cha Nne akaanguka katika baadhi ya masomo, naye aweza kurudi kuyafanya yale aliyoyaanguka. Na cheti wanachopata hawa wote hutolewa na Baraza lile lile.

Mtu asidhani ya kwamba jambo hili ni la kubuni au la jana. Bara iko Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanza mwaka 1960 ikiwa tawi dogo la Chuo cha Makerere, kisha ikapata sheria yake mwaka 1975. Tangu miaka ile ya 1970 ilikuwa ikipeleka masomo kwa posta kwa watu waliokuwa kazini na mashambani. Hapa kwetu Zanzibar, Wizara ya Elimu ina Idara ya Elimu Mbadala na Watu Wazima, na kiko kituo cha elimu mbadala Rahaleo, Unguja. Njia ipo, ila wengi wetu hatukupata kuonyeshwa inapoanzia.

MIZANI NI MOJA, MZIGO SI MMOJA

Baada ya kuusifu mlango, yanipasa niseme kweli juu ya wanaopita. Mwanangu alijiandikisha, akanunua vitabu vilivyotumika, akasoma peke yake usiku baada ya kazi. Mtihani huwa Novemba, na Novemba ninyi mwaijua: karafuu ziko juu ya miti, nyingine ziko majamvini, na mvua za vuli zatutisha kila saa. Mchana alikuwa akichuma, jioni anachambua, usiku kalamu yamponyoka mkononi. Mwaka ule wa 2019 alifaulu masomo mawili tu.

Nilidhani ni upungufu wake. Baadaye niliona si yeye peke yake. Katika mtihani wa Kidato cha Nne wa mwaka 2023, watahiniwa wa skuli walifaulu kadiri ya tisa katika kila kumi. Watahiniwa wa kujitegemea walifaulu kadiri ya nusu tu. Mtihani ni ule ule, mwezi ule ule, na msahihishaji hana chuki na mtu.

Je, ile nusu iliyoanguka ni watu wasio na akili? La, hasha. Mwanafunzi wa skuli ana mwalimu wa kumsahihisha, ana wenziwe wa kuulizana, ana saa zake zilizotengwa kwa ajili ya kusoma, na ana mahali penye meza na mwanga. Tena huingia mtihanini akiwa na alama za kazi alizofanya darasani. Wa kujitegemea hutegemea siku zile za mtihani peke yake. Ukimpandisha mchumaji bila ya kamba wala pakacha, kisha ukampima kwa pishi moja na mwenye kamba na pakacha, hukumdhulumu kwenye pishi. Umemdhulumu kabla ya kupanda.

Mara ya pili tulifanya namna nyingine. Alitafuta vijana watatu wa kijijini kwetu wenye haja kama yake, mmoja wao mwanamke mwenye watoto wawili. Mwalimu mmoja mstaafu akakubali kuwafundisha barazani kwake mara mbili kwa wiki, na wao wakimsaidia shambani. Wakapata karatasi za mitihani iliyopita, wakawa wanazifanya kwa saa ya ukutani, kisha wanasahihishana. Nami nikaweka ahadi kwamba tangu Oktoba mpaka mtihani umalizike kijana wangu hatapanda mkarafuu hata mmoja. Nilikodi mchumaji wa kushika nafasi yake, na ilinigharimu.

Mwaka 2021 alifaulu masomo matano. Alipata daraja la nne, si daraja la kujisifia barazani. Lakini ili kupokelewa kusomea cheti cha ufundi au cha kilimo hutakiwa masomo manne yaliyofaulu, yasiyo ya dini, na yeye alikuwa nayo. Akaenda kusomea kilimo. Yule mama mwenye watoto wawili alimshinda kwa alama. Wawili waliobaki, mmoja alifaulu mwaka uliofuata, na mmoja aliacha. Sitaki kuwaambia ya kwamba wote hufika. Nasema ya kwamba walipokuwa pamoja walifika watatu katika wanne, na alipokuwa peke yake mwanangu hakufika.

WENZETU WALIVYOFANYA

Tusidhani taabu hii ni yetu peke yetu. Yafaa tutazame nchi nne, maana kila moja ina funzo lake.

Desturi ya kuhesabu elimu kwa saa ilitiwa nguvu Marekani. Tajiri Andrew Carnegie alitoa fedha mwaka 1905 za kuwalipa uzeeni walimu wa vyuo vikuu. Wasimamizi wa fedha zile wakataka kwanza kujua chuo kikuu cha kweli ni kipi, wakaweka sharti kwamba chuo kipokee wanafunzi waliosoma sekondari vipimo 14, na kipimo kimoja ni kiasi cha saa 120 za darasani kwa somo moja. Basi hesabu iliyowekwa kwa ajili ya malipo ya wazee ikageuka kuwa sheria ya watoto, ikatawala skuli zao kwa zaidi ya miaka mia. Hata hivyo, mwaka 1942, katikati ya vita, Wamarekani wenyewe walitunga mtihani wa kuwapima askari walioacha sekondari, ili wakirudi nyumbani wahesabiwe kwa wanachokijua. Na mwaka 2005 jimbo lao la New Hampshire liliamua ya kwamba mwanafunzi atahesabiwa somo kwa kuonyesha ameliweza, si kwa saa alizokaa, na skuli zikapewa mpaka mwaka wa masomo wa 2008 na 2009 kutengeneza mambo yao. Huko kijana aweza kujifunza sehemu ya somo hospitalini, karakanani au shambani, na mwalimu akampima kwa kazi yake. Kwa maneno yetu, waliacha saa wakashika pishi.

India, nchi ambayo tangu zamani ni mnunuzi wa karafuu zetu, ilianza skuli ya wazi mwaka 1979 kuwa jaribio tu, na mwaka 1989 ikaifanya chombo kinachosimama peke yake. Leo ni Taasisi ya Taifa ya Skuli Huria. Mwanafunzi akijiandikisha hupewa miaka mitano, na ndani yake ana nafasi tisa za kufanya mitihani. Akifaulu somo moja leo, limewekwa akibani mwake. Haambiwi alirudie kwa sababu ameanguka jingine. Hufanya la pili akiwa tayari, na la tatu, mpaka hesabu itimie. Sisi twalijua jambo hili: shamba halichumwi siku moja, wala mkarafuu mmoja haumalizwi kwa mkono mmoja. Karafuu zilizoiva leo huchumwa leo, na zilizobaki hungojwa.

Namibia iliunda kwa sheria ya mwaka 1997 chuo chake cha elimu huria. Hakikujenga majumba kila mji. Huazima madarasa ya skuli zilizopo, jioni na siku za mapumziko, na walimu hulipwa kwa saa wanazofundisha. Wengi wa wanafunzi wake ni wale walioanguka mitihani yao ya sekondari na wataka kurudia. Vitabu vyake vimeandikwa kwa mtu anayesoma peke yake, lakini mtu huyo haachwi peke yake.

Funzo la nne ni la Malawi, nalo ni la kutuonya. Huko watoto wengi waliokosa nafasi katika sekondari za kawaida walipelekwa katika vituo vya elimu kwa posta. Vituo vikajaa vijana, walimu wake wakawa hawakuandaliwa kwa kazi ya sekondari, vitabu vikawa haba, na matokeo yakawa mabaya mwaka hata mwaka. Mwaka 1998 Serikali iliamua kuvigeuza vituo vile kuwa sekondari za kutwa za jamii. Njia iliyowekwa kwa wachache walioachwa ilikuwa imetwishwa umati wa watoto ambao haki yao ilikuwa darasa.

HOFU YA KWELI

Najua mwanachama mmoja atasimama aseme, "Bwana, maneno yako yataharibu watoto. Mzazi akisikia ya kwamba mtihani waweza kufanywa baadaye, atamtoa mtoto msimu ukiingia, aseme atasoma mbele ya safari."

Hofu hiyo ni ya haki, na ndiyo sababu nimeileta Malawi. Nami najibu hivi. Darasa la mchana ndilo njia ya mtoto, wala hapana nyingine iliyo bora. Zile hesabu za mwaka 2023 zatosha kumwonyesha kila mzazi ya kwamba anayemtoa mtoto skuli kwa kutegemea mtihani wa kujitegemea amemtoa penye tisa katika kumi akamtia penye nusu. Hapana mfanyabiashara wa karafuu angekubali biashara hiyo. Tena Zanzibar ina Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011, inayomlinda mtoto na kazi ya kumdhuru, na sisi sote twajua watu walioanguka mikarafuuni wasiinuke tena.

Lakini kumkataza mtoto wa leo asitoke hakumrudishi yule aliyetoka jana. Kijana wa miaka ishirini na tano hawezi kurudi kukaa na watoto wa miaka kumi na sita. Mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kuwa darasani saa moja unusu asubuhi. Hao ndio ninaowasemea. Tukiwaambia, "Mngalisoma wakati wenu," twajifanya kama kwamba wakati wao haukuchukuliwa na mtu.

Liko na jambo jingine. Wengine hudharau kile kijana alichojifunza shambani, kana kwamba miaka yake ilikuwa mitupu. Si kweli. Kilimo ni somo katika mtihani wa Kidato cha Nne, na kijana aliyeotesha miche ya mikarafuu, akaikinga jua, akaona ipi imekufa na kwa nini, ana mengi ambayo mtoto wa darasani huyasoma kitabuni tu. Anayejua kwa nini karafuu iliyovunda hushushwa daraja, na anayepiga hesabu ya kilo, bei na asilimia ya unyevu bila ya kukosea, amekwisha anza hisabati. Kinachomkosa ni lugha ya kitabu na mazoezi ya kuandika, hasa kwa Kiingereza, ambacho masomo mengi huulizwa kwacho. Hayo yafundishika. Sayansi za maabara ni ngumu zaidi kwake, kwa kuwa nyumbani hana maabara; basi achague masomo yake kwa busara, na kwa shauri la mwalimu.

TUFANYE NINI

Chama si Wizara, wala sitaki tujitwishe kazi ya Serikali. Lakini yako mambo matano yaliyo ndani ya uwezo wetu, nami naomba yazungumzwe katika mkutano mkuu ujao.

Kwanza, tuagane ya kwamba mwanachama hatachumisha mtoto wa skuli siku na saa za skuli, awe mwanawe au wa mwenziwe. Mtoto akisaidia kuokota na kuchambua jioni, hilo ni la malezi. Kumtoa darasani ni jambo jingine. Na mwenye mtahiniwa nyumbani, awe wa skuli au wa kujitegemea, amwachilie tangu Oktoba.

Pili, kila tawi liandike orodha ya vijana na wazazi wa kijijini waliotoka skuli na wataka kusoma, na mbele ya kila jina iandikwe amefika wapi: amefaulu Kidato cha Pili, au ahitaji kuanza na Mtihani wa Maarifa. Bila ya orodha hiyo hatujui twasema juu ya watu watano au mia tano.

Tatu, ghala zetu na mabaraza yetu hukaa matupu miezi mingi baada ya msimu, na majamvi yamekunjwa. Yafunguliwe jioni mara tatu kwa wiki yawe mahali pa kusomea, pawe na taa. Kwa kina mama iwekwe zamu ya alasiri, ili wasilazimike kutembea usiku. Tusidharau jamvi. Tangu mwaka 2006 watoto wadogo wa Unguja na Pemba walifundishwa kwa redio katika mpango wa Tucheze Tujifunze, wakikaa chini ya miti na mabarazani pamoja na mlezi wa kijijini, na wakajifunza. Ikiwa mtoto mdogo alijifunza vile, mtu mzima hawezi kushindwa.

Nne, tuwatafute walimu wastaafu walio kati yetu, wengine wao ni wanachama, na tuwalipe kwa heshima. Usajili wa watahiniwa hufanywa mwanzoni mwa mwaka, wakati ambapo fedha za karafuu bado ziko mkononi. Basi kila mwanachama atoe kila msimu thamani ya pishi moja ya karafuu kavu. Fedha hizo zilipe ada za mitihani kwa wasiojiweza, mafuta ya taa au umeme, na posho ya mwalimu. Hesabu yake isomwe mkutanoni kama hesabu nyingine zote za Chama.

Tano, tuiandikie Idara ya Elimu Mbadala na Watu Wazima, tuwaombe waje kutueleza taratibu kwa vinywa vyao, watukague, na watuambie tunapokosea. Na tuombe jambo moja kubwa zaidi, lile la India: mtu akifaulu somo, somo hilo limhesabikie bila ya kupotea, hata akitimiza hesabu yake baada ya miaka kadha. Kwa mtu wa shamba, ambaye mwaka mmoja hupata nafasi na mwaka mwingine hupatwa na msiba au ukame, hapana msaada mkubwa kuliko huo.

Mtu ataniuliza, faida ya Chama ni nini katika haya? Nitamjibu kwa mfano wa nyumbani kwangu. Mwanangu aliporudi na cheti chake cha kilimo, jambo la kwanza alilofanya ni kutembea shamba lote na kuihesabu mikarafuu, jambo ambalo mimi sikulifanya kwa miaka thelathini. Akaniambia mingi imezeeka, na ya kwamba tusipopanda miche sasa, wajukuu watarithi kuni. Tulipanda. Hiyo ndiyo faida niliyoiona kwa macho yangu. Shamba lisilokuwa na msomi ndani yake humtegemea mgeni kwa kila shauri.

Lakini hata kama faida hiyo isingekuwapo, deni lingekuwapo. Tulipohitaji mikono, tuliwaita wakaja. Wao sasa wahitaji kalamu.

Wahenga walisema, kawia ufike. Maneno hayo hatukuyasema kwa ajili ya majahazi peke yake. Mwanangu alikawia miaka kumi, akafika. Wapo wengine njiani usiku huu, na ghala letu limefungwa kwa kufuli.

Nimesema yangu. Asiyekubaliana nami naye na aandike, jarida ni letu sote.

Mkulima Mzee,
Pemba.